Gari Lililofunzwa Kusalimu

Wiki jana nilikiri kosa moja, mkacheka. Barua zenu nimezisoma. Yule wa Malindi aliyeandika kwamba mimi ni mwanamume wa kwanza kumtia mkwewe ndani ya gari bila kumpa kiti, Mungu anamwona. Leo nakiri la pili, na hili naomba mcheke taratibu, kwa sababu lingali linaniuma.

Kwa aliyefika sasa hivi: mimi ni Jeilani, wa Faza, kisiwa cha Pate. Nina gari la umeme la viti kumi na vinne, la kubeba abiria wanaoteremka boti pale Mtangawanda. Lilikuja kutoka kiwandani likiwa linasema. Ukifungua mlango, "Mlango uko wazi." Ukiketi, "Funga mkanda." Ukikanyaga kidogo, "Punguza mwendo." Salamu hakuna. Siku ya kwanza wazee wa Faza waliingia ndani, wakaamrishwa mara tatu na mwanamke wasiyemjua, wakateremka wote wakaenda kwa miguu.

"Gari lako halikulelewa," mmoja wao aliniambia.

Ndipo nilipomwita Ammar, fundi wa simu. Akavunja kufuli la programu, akaifuta ile sauti, akatia sauti ya mkwe wangu, Bi Mwanamkisi. Kila onyo likaanza kwa salamu. Abiria wakarudi, wakajaa mpaka mlangoni. Kisha Jumanne moja, karibu na Siyu, betri ikafa, na gari langu la kisasa likavutwa na punda sita mpaka mlangoni kwangu.

Betri ya gari kama hili ni nusu ya gari lenyewe. Nikiambiwa ninunue mwenyewe, basi gari litakuwa banda la kuku, na mimi nitarudi kuwa utingo kwenye boti ya shemeji yangu, mtu ambaye hulipa kwa mawaidha. Bahati nzuri nilikuwa na waranti ya miaka mitano. Bahati mbaya waranti ilikuwa na mstari mdogo, wa mwisho kabisa: atakayegusa programu ya gari, waranti yake imekufa.

Haya. Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Bwana Jeilani? Naitwa Gakii, injinia wa kampuni. Niko jeti ya Lamu, boti ya Mtangawanda inaondoka sasa. Nitakuwa kwako kabla ya adhuhuri nikague hiyo betri."

Nilimshukuru kwa sauti ya mtu asiye na dhambi. Nilipokata simu, mke wangu Rawiya alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwambie kweli," akasema.

"Kweli haichaji gari."

"Na uwongo wachaji?"

"Uwongo angalau unafikisha fomu ya waranti Nairobi."

Rawiya akaingia jikoni. Ana namna yake ya kufunga kitasa cha jiko ambayo ni jawabu tosha. Nikatoka mbio kwenda kumtafuta Ammar.

Nilimkuta dukani kwake akiwa na simu tatu za watu zimefunguliwa matumbo. Nilipomweleza, alicheka.

"Relax, bro. Si nilikuambia nilibakisha kopi ya ile programu ya kwanza? Naiflash upya, saa moja tu. Huyo injinia akikuja atapata gari kama limetoka kiwandani jana."

"Una hakika?"

"Hundred pasenti."

Ammar ni kijana mzuri. Ana akili, ana mikono, na alirudi kutoka Mombasa na vyeti viwili na mtindo wa nywele. Lakini kila anaposema hundred pasenti, mimi hutafuta pa kukalia.

Alikuwa ameshaunganisha waya kwenye gari, kompyuta juu ya magoti, wakati Bi Mwanamkisi alipotokea barazani na kikombe cha kahawa mkononi.

"Mwatendani?"

"Twatengeza, mama," nikasema.

"Gari lililokufa latengezwaye kwa waya kama uzi wa kushonea?"

Nilitaka kujibu kitu cha kitaalamu. Ammar akanitangulia.

"Tunatoa sauti yako, Bi. Kwa muda tu. Kuna mtu wa kampuni anakuja."

Bi Mwanamkisi aliweka kikombe chini. Akaja, akafungua mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti cha abiria, buibui lake akalikusanya vizuri, akaangalia mbele kama mtu anayesubiri safari.

"Mama," nikasema.

"Nakusikia."

"Gari halina betri, halendi popote."

"Nayua. Na mimi siendi popote."

Nilichuchumaa karibu na mlango. Mkwe si mtu wa kubishana naye, na mkwe ambaye sauti yake umeizoea ikikuambia punguza mwendo mara thelathini kwa siku, ndiyo kabisa.

"Jeilani, mwanangu," akasema, "tangu babake Rawiya kufa ni miaka sita. Nani alokuwa akiniuliza hali? Wewe waniuliza kwa kuwa ni mkweo. Rawiya aniuliza kwa kuwa ni mamake. Tangu sauti yangu kungia humu, watu wa Siyu wanitumiza salamu. Juzi mwanamke wa Kizingitini, simyui haniyui, amenitumiza samaki, amesema apawe yule bibi wa gari atuulizao hali. Sasa wamtoa bibi wa gari?"

 Miezi minne nilikuwa nikidhani nimepata sauti ya bure, kumbe mwenye sauti alikuwa amepata watu. Niliona haya, nasema bila kuficha, na hata hivyo jicho langu moja lilikuwa kwenye saa.

Yeye aliliona hilo jicho.

"Basi futani," akasema, akateremka. "Kazi ni kazi. Lakini ukiulizwa, Jeilani, sema kweli. Sitaki uwongo utolewe kwa ajili yangu."

"Naam, mama."

Nilisema naam, mama, kama nisemavyo siku zote. Kisha nikafanya nilivyotaka, kama nifanyavyo siku zote.

Ammar alimaliza kazi dakika kumi kabla pikipiki haijaingia kwenye kichochoro chetu. Aliyeteremka ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya kazi vilivyoloa maji ya bahari, sanduku la vyuma mkono mmoja na kompyuta kibao mkono wa pili. Majirani walikuwa wameshakusanyika. Gari lililokuja kwa punda lina watazamaji wengi kuliko mpira.

"Hili ndilo gari?" akauliza. "Nifungulieni huku mbele."

Watu wakatazamana. Barazani Bi Mwanamkisi akasema, si kwa sauti ndogo:

"Sasa nimeyua gari limemfuata nani."

Watu wakaangua kicheko. Gakii akageuka, akamwona mama mtu mzima amekaa, akaelewa mara moja. Nampa haki yake kwa hilo.

"Samahani, mama. Bahari imenichanganya kichwa. Habari za hapa?"

"Njema, mwanangu. Wewe u hali gani? Boti haikukutapisha?"

"Imenitapisha mara mbili."

"Rawiya, mpe maji ya ndimu kwanza. Injini haikimbii."

Alikunywa gilasi mbili. Kisha akanipa kile kibao.

"Kabla sijagusa kitu, jaza hapa. Ni swali moja tu."

Nikalisoma. Je, wewe au mtu mwingine amewahi kufungua, kubadilisha au kuongeza chochote katika programu ya gari hili? Chini yake vijisanduku viwili. Ndiyo. La.

Sikumwangalia Rawiya. Sikumwangalia mkwe wangu. Nilimwangalia Ammar, naye akanyanyua kidole gumba.

Nikabonyeza La. Nikatia sahihi kwa kidole, sahihi mbaya kama njia ya kaa.

"Mtandao ukipatikana itakwenda Nairobi yenyewe," Gakii akasema, akakiweka kibao juu ya ukuta wa baraza.

Akaunganisha betri yake ndogo, gari likaamka.

"Mlango uko wazi," likasema, kwa ile sauti ya mwanzo, sauti ya mwanamke asiye na kwao. Majirani wakaguna. Mimi niliisikia tamu kama wimbo.

"Funga mkanda."

Safi.

"Punguza mwendo."

Safi kabisa. Ammar akanikonyeza.

"Sawa," Gakii akasema. "Sasa onyo la joto la betri. Hilo linakaa kwenye ubongo wa betri yenyewe, si huku mbele."

Nikamtazama Ammar tena. Safari hii Ammar alikuwa anaangalia miguu yake.

Gakii akabonyeza.

"Asalaam alaikum," gari likasema, kwa sauti ya Bi Mwanamkisi.

Na hapa ndipo mtakapoijua Faza. Watu kama thelathini walikuwa wamesimama pale, wote wakijua kuna jambo linafichwa, wote wakinitakia heri. Na wote thelathini, wanawake wa madirishani pamoja nao, wakajibu kwa pamoja:

"Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh."

"Mu hali gani?" gari likauliza, kisha likanyamaza, likisubiri. Ammar aliacha nafasi ya jawabu. Nilimtaka mimi mwenyewe aiache, kwa sababu gani mtu akuulize hali na asingoje kuijua?

"Alhamdulillah," watu wakasema. "Wazima."

"Watu wa nyumbani hawayambo?"

"Hawayambo, twashukuru."

"Na wagonjwa wendeleaye?"

Mzee mmoja alianza kueleza habari ya mguu wake.

"Alhamdulillahi," gari likasema. "Haya, wanangu. Betri yapata moto. Simamani."

 Gakii alikuwa akiangalia saa yake ya mkononi.

"Sekunde hamsini na mbili," akasema. "Huyu ni nani?"

Watu wote wakamwangalia Bi Mwanamkisi.

"Ni mimi," akasema. "Na wote wamejibu salamu isipokuwa wewe."

Sasa nawageukia ninyi wasomaji. Wiki jana niliwaambia kwamba betri ilikufa ghafla. Si kweli. Siku ile nilikuwa natoka Mtangawanda peke yangu, gari limejaa magunia ya saruji. Karibu na Siyu gari likanisalimu. Nikaitikia. Likaniuliza hali, nikasema namshukuru Mungu. Likaniuliza watu wa nyumbani, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu na sauti ni ya mkwe, nikaona adabu nimjibu vizuri, nikamwambia Rawiya ana mafua na paa linavuja. Nilikuwa bado kwenye habari za paa liliponiambia nisimame. Nilisimama. Moshi ulikuwa umeshaanza.

Nilijua, basi. Tangu siku ile nilijua, na nilijifanya sijui mpaka nikaamini.

"Bwana Jeilani," Gakii akasema, "umesaini La."

"Gari ni langu," nikasema. Lilikuwa jambo la pekee lililonijia. "Nimelinunua. Nikitaka liseme Kifaza, litasema Kifaza."

"Gari ni lako. Programu ni ya kampuni, wewe umepewa kuitumia."

"Ngoya," Bi Mwanamkisi akasema kutoka barazani. "Mwauzaye nyumba, mukabakia na ufunguo wa msala?"

Watu wakacheka, kwa kuwa msala kwetu ni choo. Gakii mwenyewe akatabasamu, lakini hakurudi nyuma.

"Mama, nikueleze. Mtu akibandika kioo cheusi, halafu breki zikafa, hizo breki ni zetu, tutamlipa. Mimi sikatai kwa sababu amegusa. Nakataa ikiwa alichogusa ndicho kilichoua. Na alichogusa hapa ni kile kinachosema simama. Siku ile, kwa ripoti yake, alibeba saruji. Je, angekuwa amebeba watu kumi na wanne, na gari linawauliza habari za wagonjwa huku chini kunawaka?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilifikiria wale wazee, na wanawake wa Siyu wanaokuja kliniki na watoto wachanga. Nilipotaka adabu ndani ya gari, hilo sikulifikiria hata kidogo.

"Ni haki yake," Rawiya akasema polepole. Alimaanisha haki ya Gakii. Nikajua nimeachwa peke yangu.

Gakii akafungua kumbukumbu za betri. Mistari na mistari. Akaeleza huku akisoma, kama daktari asiyetaka kukutisha. Onyo liliamka betri ilipofika digrii sitini na tano. Salamu ikaanza. Kipande cha kwanza cha betri kilikufa sekunde ya thelathini na moja.

"Yaani wakati wa watu wa nyumbani," nikasema.

"Wakati wa watu wa nyumbani," akakubali.

Basi. Nikaanza kuliona lile banda la kuku. Nikaanza hata kuchagua jogoo.

"Madam," Ammar akasema.

Alikuwa amesogea nyuma yetu, macho kwenye skrini.

"Hiyo sitini na tano imetoka wapi? Mimi nilikuta hamsini na tano."

Watu wakamgeukia. Kijana wa watu alikuwa amejikabidhi mwenyewe, mikono na miguu, kwa sentensi moja. Nadhani aliligundua baada ya kuisema, kwa sababu alifunga mdomo na kuushika kwa kiganja.

Gakii hakumwuliza wewe ni nani. Alirudi kwenye mistari yake. Alipanda juu, akashuka chini, akapanda tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwezi uliopita," akasema. "Kuna apdeti ilikuja kwa mtandao kutoka makao makuu. Imepandisha kiwango cha joto kutoka hamsini na tano hadi sitini na tano, ili gari liende mbali zaidi kwa chaji moja. Sikuambiwa."

"Na mimi sikuulizwa," nikasema.

"Wewe hukuulizwa." Akapiga hesabu kwa kidole hewani. "Kwa hamsini na tano, onyo lingetoka dakika nne mapema. Hata ungesalimiwa na ukoo mzima, ungesimama betri ikiwa salama."

"Kwa hivyo nani aliyegusa kwanza?" Bi Mwanamkisi akauliza.

 Gakii alichukua simu yake, akapanda ngazi tatu za baraza letu, mahali pekee ambapo mtandao hukaa, akampigia mkubwa wake. Akaweka sauti kubwa, nadhani kwa kuwa alitaka mashahidi.

"Bwana Hudson? Niko Faza. Nimeona kitu kuhusu ile apdeti ya—"

"Gakii! Kazi nzuri," sauti ikasema, sauti ya mtu aliye nyuma ya meza kubwa. "Fomu imeingia sasa hivi. Mteja hajagusa chochote, safi kabisa. Nimeshaidhinisha betri. Jumatano itakuwa kwenye boti. Funga kazi urudi."

Gakii akaziba simu kwa kiganja.

Watu thelathini walikuwa wamesikia. Betri imekubaliwa. Uwongo wangu ulikuwa umefika Nairobi kabla yetu, ukakaribishwa, ukapewa na kiti.

"Nikinyamaza," Gakii akaniambia kwa sauti ya chini, "Jumatano una betri. Nikisema habari ya digrii, atataka kumbukumbu zote za betri, ataiona salamu, na fomu yako itakufa. Lakini kuna magari mengine thelathini na nane kama hili, yako Kilifi, yako Garissa, yanapakia watu kwa sitini na tano. Wenyewe hawajui."

"Wewe wataka nifanye nini?"

"Mimi ni mfanyakazi wao. Wewe ndiye mteja."

Msidhani nilikuwa shujaa. Kwa muda wa kuhesabu kumi nilikuwa mtu mwenye betri mpya, na nilipenda sana kuwa mtu huyo. Nilimwona akipita Siyu kwa mwendo wa madaha, akipungiwa mikono.  Mkwe wangu alikuwa ameshika kikombe chake cha kahawa iliyopoa, hakuninyoshea kidole, hakutikisa kichwa. Aliniangalia tu kama anaangalia mtu aliyempa binti yake.

Nikanyosha mkono nikapokea simu.

"Bwana Hudson, mimi ndiye Jeilani, mwenye gari. Ile fomu niliijaza uwongo. Programu niliifungua, miezi minne iliyopita. Lakini na nyinyi mmefungua, mwezi uliopita, mkapandisha kiwango cha joto la betri kutoka hamsini na tano hadi sitini na tano bila kuniuliza. Na kuna wenzangu thelathini na nane hamjawaambia."

Nilihisi mwepesi. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia. Hali hiyo ilidumu kama sekunde tatu.

"Bwana Jeilani," sauti ikasema, na sasa haikuwa na furaha, "simu hii inarekodiwa. Wewe ni dereva. Wewe huwezi kufungua programu yetu. Nani aliyekufungulia? Nani ameona hizo namba? Nataka jina."

Nikaangalia pembeni. Ammar alikuwa ameegemea ukuta, na zile nywele zake za Mombasa zilikuwa zimelowa jasho. Ana duka lenye meza moja. Ana mama anayemtegemea. Na mimi ndiye niliyekwenda kumtoa dukani kwake, mara mbili.

"Bwana Jeilani? Jina."

Mkono ulipita mbele ya uso wangu, mkono wenye hina, ukaichukua simu.

"Sauti ni yangu," Bi Mwanamkisi akasema. "Andika. Mwanamkisi binti Abubakr, wa Faza."

"Mama, sikuuliza ya nani sauti. Nauliza nani alifungua."

"Mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba. Aliyengia akaketi ni mimi. Wamtakiani mwengine?"

 Kisha yule bwana akasema polepole, kama anayeweka masharti mezani:

"Mama, nisikilize vizuri. Nikipata jina la huyo fundi leo, betri inakuja Jumatano, na habari ya fomu nitaisahau. Nisipolipata, betri haiji, na mwenye gari nitamwona mahakamani. Chagua."

"Mwanangu Hudson," Bi Mwanamkisi akasema, "hayo si maneno ya kusemewa kibarazani."

Akazima ile sauti kubwa. Akashuka ngazi, nami nikaomba mtandao umkatikie, lakini mtandao wa Faza hukatika pale tu unapouhitaji. Akaingia ndani ya gari, safari hii kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akapandisha kioo.

Tulisimama nje, sote, tukiangalia midomo yake ikienda nyuma ya kioo. Alizungumza kidogo. Akasikiliza sana. Akazungumza tena, na mara moja nilimwona akicheka, jambo ambalo halikunipa raha hata kidogo. Ammar alisimama karibu yangu. Nilitaka kumwambia maneno mema, nikakosa hata moja, kwa sababu kipande cha moyo wangu, na hili ndilo nalokiri leo kuliko yote, kilikuwa kinamwomba mkwe wangu alitaje lile jina.

"Bro," Ammar akasema, "ungekuwa wewe ndani, ungesemaje?"

Nikageuka kulitazama gari. Nadhani jawabu aliliona usoni.

Mlango ukafunguka. Bi Mwanamkisi akateremka, akamrudishia Gakii simu yake, akalitengeneza buibui lake begani.

"Nimempa jawabu," akasema.

"Jawabu gani, mama?"

"Ngoya niswali kwanza."

Akapita baina yangu na Ammar, akaingia ndani kutia udhu. Simu ikatetemeka mkononi mwa Gakii. Aliusoma ule ujumbe wa Hudson mara mbili. Akaniangalia mimi. Kisha akamwangalia Ammar, muda mrefu, akainama akaanza kukunja nyaya zake. Kama jina lilitajwa, boti ya Jumatano ndiyo itakayotuambia, nami nitawaambia wiki ijayo.